Maana ya Fidalgo: Mwungwana wa Kireno na Vita vya Dini

Fidalgo alikuwa mwanamume wa Kireno wa ukoo bora ambaye cheo chake, katika karne ya 15 na ya 16, kilitegemea nasaba pamoja na utumishi wake kwa mfalme, hasa utumishi wa vitani. Waliopokewa katika nyumba ya mfalme waliandikwa daftarini, wakapangiwa daraja na posho. Lakini kwa kuwa katika koo nyingi za aina hiyo mali ya urithi ilimwendea mtoto wa kwanza wa kiume, wadogo zake walitoka kwenda kutafuta heshima na riziki ng'ambo: kwanza Morocco, ambako Wareno waliuteka mji wa Ceuta mwaka 1415, kisha India na pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Huko, kupigana na Waislamu kulihesabiwa kuwa ni kuitumikia dini, na papo hapo kulikuwa njia ya kupanda cheo. Naamini anayezitenganisha sababu hizo mbili hatamwelewa fidalgo kamwe. Baada ya vita alimwandikia mfalme kuomba fadhila, akitaja mapigano aliyopigana na majeraha aliyopata, na mara nyingi alilipwa ukapteni wa ngome kwa miaka 3, muda ambao yeye mwenyewe alitarajia kutajirika. Makapteni wa Fort Jesus, Mombasa, ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1593, walikuwa wa namna hiyo. Wala dini haikuamua kila urafiki, maana sultani wa Malindi, Mwislamu, alishirikiana na Wareno tangu mwaka 1498.

Anayeionyesha dhana hii waziwazi ni Cristóvão da Gama, mwana wa Vasco da Gama. Mwezi Julai 1541 aliondoka Massawa, bandari ya Bahari ya Shamu, na askari wapatao 400, wengi wao wenye bunduki, kwenda kuisaidia Ethiopia, nchi ya Kikristo, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa imetekwa na Imamu Ahmad ibn Ibrahim wa Adal, dola jirani ya Kiislamu. Malkia Sabla Wangel, mama wa mfalme kijana Galawdewos, alishuka kutoka Debre Damo, mlima unaopandwa kwa kamba, akaandamana naye. Mwezi Aprili 1542 Wareno walimjeruhi Imamu na kumrudisha nyuma; naye akaomba msaada kwa Waturuki waliokuwa Zabid, Yemen, wakamletea mizinga na mamia ya wapiga bunduki. Tarehe 28 Agosti, kule Wofla, kabla jeshi la Galawdewos halijafika, Cristóvão alishindwa, akajeruhiwa, akakamatwa na kukatwa kichwa akiwa na umri wa miaka 26 hivi.

Wareno walionusurika walijiunga na Galawdewos, na mwezi Februari 1543 Imamu Ahmad akauawa vitani. Wengi wao hawakurudi tena India wala Ureno: walipewa ardhi, wakaoa na kuzaa huko huko Ethiopia.