Mstari ukianza kutetemeka baada ya adrenalini

"Dokta, anazidi kuharibika!" Sista aliniambia hivyo usiku mmoja tuliposimama kidogo kukandamiza kifua cha mgonjwa aliyesimama moyo, ili kuangalia monita. Dakika mbili nyuma mstari wa umeme wa moyo ulikuwa umelala kabisa, nasi tukatoa adrenalini. Sasa ulikuwa unatetemeka ovyo. Nikamjibu: chaji mashine ya shoti ya umeme, hii ndiyo nafasi yetu.

Mstari uliolala haupigwi shoti, kwa kuwa hakuna umeme wa kupanga upya. Fibrilesheni ya ventrikali, yaani vyumba vya chini vya moyo kutetemeka bila kusukuma damu, hupigwa shoti mara moja. Ukiiacha, mawimbi yanafifia hadi mstari ulale. Hali inayowadanganya zaidi vijana ni ile ambayo monita inaonyesha mapigo yaliyopangika, lakini ukigusa shingo hakuna kitu. Hapo shoti haisaidii. Tafuta chanzo: damu iliyomwagika, hewa iliyobana pafu, potasiamu iliyopanda. Mapigo yakiwa mapana kwenye monita kwa mgonjwa wa figo, mimi hushuku potasiamu na kuomba kalsiamu bila kungoja maabara.

Adrenalini tunatoa miligramu 1 kila baada ya dakika 3 hadi 5. Inabana mishipa ya mwili, shinikizo kwenye aota, mshipa mkuu utokao moyoni, linapanda, na kifua kinapoachiwa damu inaingia katika mishipa ya moyo wenyewe. Mikono inayokandamiza ikilegea, dawa inabaki imelala katika mkono wa mgonjwa. Ndiyo maana nasisitiza isukumwe kwa mililita 20 za maji ya dripu na mkono huo uinuliwe. Lakini dawa hiyohiyo inauchochea moyo udai oksijeni zaidi, na inaweza kuurudisha kwenye kutetemeka hata baada ya mapigo kurejea.

Utafiti wa PARAMEDIC2 wa Uingereza, uliotolewa 2018 ukiwa na wagonjwa zaidi ya 8,000 waliosimama moyo nje ya hospitali, ulinifikirisha sana. Waliokuwa hai baada ya siku 30 walikuwa asilimia 3.2 kwa adrenalini na 2.4 bila hiyo. Ila kati ya walionusurika, madhara makubwa ya ubongo yalikuwa asilimia 31 dhidi ya 17.8. Bado naitoa. Ila siruhusu mtu aache kukandamiza kifua ili kutafuta mshipa.

Amiodaroni, dawa ya kutuliza mdundo wa moyo, huingia baada ya shoti ya tatu, miligramu 300, kisha 150 baada ya ya tano. Haiamshi moyo; inasaidia shoti ishike. Atropini, dawa ya kuharakisha mapigo, iliondolewa kwenye mwongozo wa moyo uliosimama tangu 2010, lakini bado nawaona watu wakiivuta kwenye sindano.

Mgonjwa wetu alirudisha mapigo kwa shoti ya pili. Wenzangu wakaanza kupumua kwa nafuu. Dakika chache baadaye mawimbi yakavurugika tena, tukampiga ya tatu papo hapo, kwa sababu pedi za mashine ya shoti zilikuwa bado kifuani.