Sayari juu ya Dodoma: yanayosemwa na yaliyopo

Kuanzia Mei hadi Novemba mawingu huadimika Dodoma. Mtama umeshavunwa, mvua imekatika, na anayetoka kidogo nje ya taa za mji, kuelekea Bahi au Chamwino, hukuta anga jeusi lililo wazi usiku kucha. Sayari tano zinaonekana kwa macho matupu: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Mengi yanayosemwa juu yake mtu anaweza kuyapima akiwa uani kwake.

Dhana: Nyota ya alfajiri na nyota ya jioni ni mbili

Ni moja, tena si nyota. Ni Zuhura, ambayo wengine huiita Ng'andu. Hata Wagiriki wa kale walidhani ni mbili, wakaiita Phosphoros asubuhi na Hesperos jioni. Kosa hilo linaeleweka ukifuatilia mwendo wake. Zuhura hukaa magharibi baada ya jua kuchwa kwa miezi minane hadi tisa. Kisha hupita kati yetu na Jua, ikapotea kwa wiki moja hivi, na kutokea tena mashariki kabla ya mapambazuko, ambako hukaa miezi mingine kama hiyo. Halafu hupita nyuma ya Jua, na safari hii hupotea kwa wiki saba au zaidi. Mzunguko wote ni siku 584, hesabu ambayo Wamaya wa Amerika ya Kati waliiandika karne nyingi zilizopita. Mizunguko mitano ni miaka 8 kasoro siku mbili tu. Kwa hiyo aliyeiona leo juu ya mbuyu fulani, miaka 8 baadaye ataikuta pale pale.

Kipimo chake ni rahisi. Nyoosha mkono, kunja ngumi: upana wa ngumi ni takribani digrii 10. Zuhura haiendi mbali na Jua zaidi ya digrii 47, yaani ngumi nne na nusu na kidogo. Jua la Dodoma huchwa kati ya saa 12:30 na saa 1:00 jioni, kwa hiyo Zuhura ya jioni nayo inakuwa imezama ifikapo saa 4 usiku. Ukiona nuru kubwa karibu na utosi saa 6 usiku, hiyo si Zuhura. Huenda ni Mshtarii, au nyota iitwayo Sirius. Iangalie kama inameta. Nyota iko mbali mno, nuru yake hufika kama ncha moja tu, na hewa inapotikisika nuru hiyo hurukaruka. Sayari ina upana kidogo, mitikisiko inafutana, nayo hung'aa kwa utulivu. Ila usiipime ikiwa chini karibu na upeo, hasa wakati wa vumbi la Septemba na Oktoba. Hapo hata Mshtarii humeta na kuwa mwekundu.

Dhana: Majina tuliyokariri shuleni ni sahihi yote

Hili linastahili kusemwa kwa sauti. Iko orodha iliyokaririwa na watoto wengi: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Sarateni, Zohali, Kausi, Utaridi. Ukiacha Zebaki ya mwanzo, mpaka Mshtarii haina tatizo. Kuanzia hapo imevurugika.

Majina ya asili yalitujia kwa Kiarabu pamoja na elimu ya falaki, nayo yalikuwa matano tu, kwa sababu sayari zinazoonekana bila darubini ni tano. Utaridi ndiyo sayari iliyo karibu zaidi na Jua. Katika orodha ile imetupwa mwisho kabisa, mahali pa Pluto. Nafasi yake imepewa zebaki, ambayo ni metali ya majimaji. Zohali ni ile yenye pete maarufu, ya sita kutoka Jua, lakini orodha imeipeleka nafasi ya saba, ya Uranus. Sarateni na Kausi si sayari hata kidogo: saratani ni kaa na kausi ni upinde, yote mawili ni majina ya buruji, yaani makundi ya nyota ambamo Jua hupita.

Uranus iligunduliwa na William Herschel mwaka 1781, na Neptune ilionekana Berlin mwaka 1846 mahali palipokuwa pamekokotolewa na Mfaransa Le Verrier. Falaki ya kale isingeweza kuwa na majina yake. Ni bora kusema Uranus na Neptune kuliko kuazima jina la sayari nyingine, maana mtoto aliyefundishwa kwamba Zohali ni ya saba atashindwa kuelewa kila maelezo sahihi atakayosoma baadaye. Pluto nayo tangu Agosti 2006 imewekwa kundi la sayari kibete, kwa kuwa haijasafisha njia yake ya magimba mengine. Zilizobaki ni nane.

Na kwa kuwa tumegusa majina: husemwa pia kwamba siku za juma zinatokana na sayari. Ni kweli kwa Kifaransa na Kiingereza. Kwa Kiswahili, sivyo. Sisi tunahesabu kutoka Ijumaa: Jumamosi ni ya kwanza, Jumatano ni ya tano. Alhamisi nayo maana yake ni ya tano, ila kwa hesabu ya Kiarabu inayoanzia Jumapili. Juma letu lina tano mbili na halina sayari hata moja.

Dhana: Dodoma hupata joto Dunia inapolisogelea Jua

Wanaofundisha Ulaya wana kazi nyepesi hapa, kwa sababu kwao Dunia huwa karibu na Jua wakati wa baridi. Kwetu dhana hii inaonekana kukubaliana na ukweli, ndiyo maana haifi. Dunia huwa karibu zaidi mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152. Julai Dodoma ni baridi. Basi, imethibitika? Hapana. Julai hiyo hiyo Cairo kunachoma, na Cairo iko kwenye Dunia hii hii.

Kinachofanya kazi ni mwinamo wa Dunia, digrii 23.4. Dodoma iko digrii 6 kusini ya ikweta. Juni 21 jua la mchana hupanda digrii 60 tu, upande wa kaskazini. Tarehe 9 Oktoba hivi, na tena karibu na 5 Machi, hufika utosini kabisa. Simamisha mti ulionyooka siku hizo utaona kivuli kimekwisha. Lakini usisubiri saa 6 kamili. Saa yetu inafuata mstari wa longitudo 45, na Dodoma iko karibu na 36, kwa hiyo Jua huchelewa kwa wastani wa dakika 37. Oktoba 9 kivuli hutoweka kama saa 6:24 mchana, Machi 5 kama saa 6:48. Jua la utosini likikutana na ardhi kavu isiyo na mawingu, ndipo Oktoba na Novemba huunguza. Mvua zikianza, Jua bado liko juu, ila mawingu na ardhi iliyolowa hupunguza makali.

Ukaribu pekee hautoshi hata kwa sayari zenyewe. Utaridi iko karibu zaidi na Jua, lakini yenye joto kuu ni Zuhura: digrii 465 hivi za selsiasi, usiku na mchana, kwa sababu imefunikwa na blanketi nene la kaboni dayoksaidi. Metali ya risasi huyeyuka kwa digrii 327.

Dhana: Agosti hii Mirihi itaonekana kubwa kama Mwezi

Ujumbe huu hurudi kwenye simu karibu kila mwaka. Chanzo chake ni tukio la kweli: 27 Agosti 2003 Mirihi ilikaribia hadi kilomita milioni 56, ukaribu ambao haukuwa umetokea kwa takribani miaka 60,000. Maelezo ya awali yalisema kwamba Mirihi *ikikuzwa mara 75 kwa darubini* ingelingana na Mwezi unavyoonekana kwa macho. Wasambazaji wakakata nusu ya sentensi na mwaka wote. Mirihi hutukaribia kila baada ya miezi 26 hivi, na kwa macho hubaki kuwa nukta nyekundu.

Dhana: Sayari zikijipanga, ardhi hutetemeka

Dodoma iko kando ya Bonde la Ufa na mitetemo husikika, kwa hiyo hofu hii hupata wasikilizaji. Machi 1982 dunia ilitangaziwa balaa la namna hiyo, na balaa halikuja. Mvuto wa kukamua ardhi hupungua haraka sana kwa umbali. Zuhura ikiwa karibu kabisa, mvuto wake huo haufikii hata sehemu moja ya elfu kumi ya ule wa Mwezi. Mitetemo yetu hutokana na gamba la Dunia linalopanuka kwenye ufa.

Dhana: Kilimia huleta mvua

Kilimia si sayari, ni kundi la nyota lililo umbali wa miaka ya nuru 440 hivi. Wahenga walisema: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Ukiipima Dodoma utaona haikutungiwa huku. Hapa Kilimia huzama kwenye mwanga wa Jua mwezi Mei na kuzuka alfajiri katikati ya Juni, na nyakati zote mbili ni kiangazi. Alama ya huku ni nyingine: Novemba Kilimia huchomoza mashariki giza linapoingia, wakati wa kuandaa shamba. Ni kalenda nzuri. Ila tarehe yake haibadiliki, na mvua zetu huweza kuanza wiki kadhaa mapema au kuchelewa. Kwa hilo sikiliza utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, unaozingatia joto la bahari.

Dhana: Bila mtambo mkubwa huoni kitu

Darubini ya macho mawili ya 10x50, yaani inayokuza mara 10 na yenye lenzi za upana wa milimita 50, inatosha kuona miezi minne ya Mshtarii, ile ile aliyoiona Galileo Januari 1610. Kinachoharibu ni mikono kutetemeka: egemeza viwiko juu ya ukuta. Pete za Zohali zinahitaji kukuza mara 25 au zaidi, na mwaka 2025 zilitugeuzia ubavu zikawa uzi mwembamba. Utaridi, inayosemwa kuwa haionekani, kwetu ni rahisi kuliko Ulaya, kwa kuwa karibu na ikweta njia ya sayari husimama wima. Itafute magharibi dakika 40 baada ya jua kuchwa, ngumi moja hadi mbili juu ya upeo, katika siku chache ambazo iko mbali na Jua. Subiri Jua lizame lote kabla ya kuinua darubini. Sekunde moja ya Jua ndani ya lenzi inatosha kuunguza jicho, na jicho halitahisi maumivu wakati linaungua.