Furaha ya Majilio maana yake nini

Desemba ikifika katikati, stendi ya Moshi haikaliki. Mabasi ya Dar yanashusha watu mchana na usiku, na mabegi, na watoto waliolala begani. Watani zetu wanasema Wachaga wamekwenda kuhesabiwa. Utani huo una Injili ya Luka ndani yake, maana Yosefu na Maria nao walipanda kwenda kwao kuhesabiwa, wakafika na kukosa pa kulala.

Sasa chukua mtu ambaye mwaka huu hajapata nauli, au aliyezika mwezi wa tisa, au anayepiga hesabu ya ada ya Januari na kuona haitoshi. Dominika ya tatu ya Majilio, kipindi cha kungoja Krismasi, anaingia kanisani, anamkuta padri amevaa pinki, na neno la siku ni “Furahini”. Ana haki ya kuuliza: nifurahie nini?

Tuanze na neno lenyewe. Majilio limetoka kwenye kuja: kujia, kujilia, majilio. Ni kuja kunakomlenga mtu, kumfuata pale alipo. Kipindi chenyewe huanza Dominika iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, na kina Dominika nne. Rangi yake ni zambarau, na “Utukufu kwa Mungu juu” hauimbwi kwenye Misa za Dominika hizo. Wimbo ule ni wa malaika wa Bethlehemu, unangoja usiku wao. Aleluya lakini inabaki, tofauti na Kwaresima. Kwa hiyo ni kungoja, ila si kuomboleza.

Dominika ya tatu, inayoangukia kati ya tarehe 11 na 17 Desemba, huitwa Gaudete, yaani “furahini” kwa Kilatini, kutokana na wimbo wa mwanzo wa Misa ya siku hiyo. Ndipo zambarau inapopisha waridi, jambo linalotokea mara mbili tu kwa mwaka. Nyingine ni Dominika ya nne ya Kwaresima. (Kila mwaka kuna mtoto anayeuliza kwa sauti mbona Baba Paroko amevaa nguo ya dada yake.)

Maneno ya wimbo huo ni ya Paulo kwa Wafilipi: “Furahini katika Bwana sikuzote, tena nasema, Furahini.” Wengi tunayajua kwa moyo, ila tunasahau yaliandikwa wapi. Paulo alikuwa kifungoni, na kwenye sura ya kwanza ya barua hiyohiyo anaitaja minyororo yake waziwazi. Hakuandika akiwa amemaliza shida, wala hakuwaahidi Wafilipi kwamba zao zinaisha wiki ijayo. Sababu anayotoa ni fupi: Bwana yu karibu.

Hapo ndipo Kiswahili kinatusaidia, maana kina raha na kina furaha. Raha inategemea hali: umeshiba, umelipwa, watoto wazima, mvua imenyesha kwa wakati. Ikiondoka hali, raha nayo inabeba virago. Furaha anayoisema Paulo inamtegemea anayekuja, kwa hiyo inaweza kukaa nyumba moja na huzuni. Nabii Habakuki alilisema hilo kwa lugha ya mkulima: mtini usipochanua, mzabibu usipozaa, zizini pasiwe na kitu, bado nitamfurahia Bwana. Mtu wa Kibosho au Marangu, huku mlimani Kilimanjaro, hahitaji kufafanuliwa. Aweke ugonjwa wa chulebuni kwenye kahawa na mnyauko kwenye migomba, atamwelewa nabii bila mhubiri.

Ndiyo maana sipendi tunavyolitumia neno hili misibani. Mtu ana majonzi mabichi, tunamwambia “usilie, mkristo hufurahi”. Mwaka A wa liturujia, yaani wa kwanza katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Misa, Injili ya Gaudete ni ya Yohane Mbatizaji gerezani, na anachotuma kwa Yesu ni swali: wewe ndiwe yule ajaye, au tumngoje mwingine? Dominika ya furaha, na anayesikika ni mfungwa mwenye mashaka. Yesu hamkemei. Anamjibu kwa vinavyoonekana, kwamba vipofu wanaona na viwete wanakwenda, kisha anamsifu mbele ya umati.

Kwenye jumuiya yetu tuna taji la Majilio la matawi mabichi na mishumaa minne, desturi inayotokana na Mlutheri wa Hamburg, Johann Hinrich Wichern, aliyeianzisha mwaka 1839 kwa ajili ya watoto aliowalea. Mlimani kwetu, ambako ukoo mmoja una Walutheri na Wakatoliki, hakuna anayeona ajabu. Shida yetu ilikuwa mshumaa wa tatu, ule wa waridi. Madukani ni mweupe tu, basi tukaufunga utepe wa pinki wa kufungia zawadi.

Jioni ya kuuwasha, umeme ulikuwa umekatika. Mwenyekiti akampa kiberiti mama mmoja ambaye kijana wake yuko Dar na alishapiga simu kwamba haji. Njiti ya kwanza ikazimwa na upepo wa mlangoni. Ya pili ikashika. Akasema, “Mimi leo sina la kuchekea, ila nimewasha.” Hakuna aliyemrekebisha. Tukaimba, tukasali, halafu katibu akafungua daftari kwa mwanga wa mshumaa uleule akauliza nauli ya kutoka Dar imefika ngapi, na nani ana kiasi gani.