Surat Al-Mutaffifin na kopo lililobonyezwa kitako

Sura hii ya 83 ya Qur'ani, yenye aya 36, inafungua kwa "wayl", ole, na anayetishwa ni mtu wa kupunja kidogo kidogo. Jina la sura, "wapunjaji", linatokana na tafif, kitu hafifu. Mizani inayoanzia gramu 50 badala ya sifuri haimshtui mnunuzi wa kilo ya sukari. Wakishapita wateja 20, muuzaji ana kilo nzima isiyo yake.

Aya ya 2 na ya 3 huchanganywa sana. Kudai utimiziwe haki yako ni halali. Kosa ni vipimo viwili: ukipokea unataka kijae, ukitoa unapunguza. Aya ya 3 imetaja kipimo cha ujazo na cha uzito, kwa hiyo kisado na debe vimo sawa na mizani, na kopo la maharage lililobonyezwa kitako sokoni Tandale limo pia. Anayenunua viazi shambani kwa gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kiasi, kisha akaviuza Dar kwa kisado chenye kitako kilichoinuliwa, huyo ni zaidi ya aliyetajwa, maana hata kwenye kupokea amepitiliza haki. Wapo wanazuoni wanaomhesabu humo na mfanyakazi anayetaka mshahara kamili huku akiiba saa za kazi.

Aya ya 14 inasema machumo ya waovu, yaani matendo yao, yameziba nyoyo zao kama kutu. Hadithi ya Mtume iliyopokewa na Tirmidhi, mkusanyaji wa hadithi, inaifafanua: dhambi huweka nukta nyeusi moyoni, mtu akitubu husafishwa, akirudia huongezeka mpaka moyo ufunikwe.  

Kitabu cha matendo ya waovu kimo mahali paitwapo Sijjin, cha wema Illiyyin, na wema watanyweshwa kinywaji kilichofungwa kwa miski. Hapo, aya ya 26, ndipo washindani wanaambiwa washindane.

Aliyekwisha kupunja, istighfari, kumwomba Mungu msamaha, peke yake haimtoshi, kwa kuwa hii ni haki ya watu. Akadirie alichopunguza, na akiwa na shaka aongeze. Mteja anayejulikana, tuseme yumo kwenye daftari la mkopo, arudishiwe chake au aombwe radhi. Wasiojulikana, wanazuoni wengi wanasema atoe sadaka kwa niaba yao. Kopo libadilishwe siku hiyohiyo.