Umar bin Abdul-Aziz na Kodi ya Khurasan

Jina la Umar bin Abdul-Aziz, khalifa wa dola ya Banu Umayya mwanzoni mwa karne ya nane, linapotajwa katika darasa na hotuba, kisa kinachotangulia kwa kawaida ni kile cha taa: kwamba aliizima taa iliyowashwa kwa mafuta ya Hazina ya Waislamu mara mazungumzo yalipogeukia mambo yake binafsi. Ni kisa chenye mafunzo, na mimi pia huwasimulia wanafunzi wangu wa historia ya Kiislamu. Hata hivyo, naamini kwamba uchamungu wa mtu huyu unaonekana vizuri zaidi mahali ambapo wengi wetu hatupatazami, yaani katika barua alizowaandikia maliwali wake kuhusu kodi.

Alizaliwa katika ukoo uliotawala, Banu Umayya. Baba yake, Abdul-Aziz bin Marwan, alikuwa liwali wa Misri kwa takriban miaka 20, na mama yake alikuwa binti wa Asim, mwana wa Umar bin al-Khattab (r.a.). Alisomeshwa Madina, ambako mmoja wa walimu wake alikuwa Ubaydullah bin Abdullah bin Utba, aliyehesabiwa miongoni mwa mafakihi (wanazuoni wa sheria) saba wa mji huo. Ujanani alipenda nguo za thamani na manukato, na mwendo wake wa maringo ulijulikana kiasi cha kuigwa na vijana wengine. Mwaka 706 khalifa al-Walid alimpa uliwali wa Madina, naye akaanza kazi kwa kuwaita mafakihi 10 na kuwaahidi kwamba hatakata shauri bila ya kuwasikiliza. Baadaye aliondolewa kwa shinikizo la al-Hajjaj bin Yusuf, mtawala wa Iraq, aliyekasirishwa na jinsi Wairaqi waliomkimbia walivyopata hifadhi Hijaz, eneo ulimo mji wa Madina.

Khalifa Sulayman bin Abdul-Malik alipofariki Dabiq, kaskazini mwa Sham, Septemba 717, mshauri wake Raja bin Haywa aliwachukulia jamaa wa ukoo kiapo cha utii kwa jina lililokuwa ndani ya barua iliyofungwa, na barua ilipofunguliwa jina lilikuwa la Umar. Mengi aliyoyafanya baada ya hapo yanafahamika: alirudisha mali zilizonyang'anywa, akaanza na zilizokuwa mkononi mwake mwenyewe, alimtaka mkewe Fatima, binti wa khalifa, apeleke vito vyake Hazina, aliliita jeshi lililokuwa likiuzingira mji wa Constantinople lirejee, tena alikomesha desturi ya kumlaani Ali (r.a.) juu ya mimbari. Badala ya laana hiyo iliwekwa aya ya 90 ya Surat an-Nahl, inayoamrisha uadilifu na hisani, nayo ndiyo tunayoisikia hadi leo khatibu anapomaliza hotuba ya Ijumaa katika misikiti yetu mingi ya pwani.

Sasa nije kwenye kodi. Asiyekuwa Mwislamu chini ya dola alilipa jizya, yaani kodi ya kichwa, na kwa mujibu wa sheria mzigo huo ulipaswa kumwondokea akisilimu. Watawala waliomtangulia Umar waliona hasara ya Hazina katika jambo hilo, wakaendelea kuwatoza waliosilimu kana kwamba hawakusilimu. Liwali wake wa Khurasan, jimbo la mashariki ya dola katika Iran na Asia ya Kati, al-Jarrah bin Abdullah, alimpelekea ujumbe wa watu watatu: Waarabu wawili na mtu mmoja wa mawali, yaani Waislamu wasiokuwa Waarabu waliofungamana na makabila ya Kiarabu. Wale wawili walizungumza na huyu wa tatu, Abu al-Sayda, akanyamaza. Umar akamuuliza: kwani wewe si miongoni mwa ujumbe huu? Ndipo Abu al-Sayda alipoeleza kwamba mawali 20,000 wanapigana vitani bila ya posho wala riziki, na kwamba wengine kiasi hicho wamesilimu na bado wanatozwa. Khalifa alisema kwamba watu wa namna yake ndio wanaostahili kutumwa kwa watawala.

Naipenda sana riwaya hii, iliyohifadhiwa na mwanahistoria al-Tabari, kwa sababu inamwonesha mtawala anayemtafuta kwa macho mtu aliyenyamaza. Umar alimwandikia al-Jarrah amwondolee jizya kila anayesali kuelekea kibla. Watu wakasilimu kwa wingi, na mapato yakatikisika. Wapo waliomshauri liwali awapime kwa tohara, ili ajulikane aliyesilimu kwa kukimbia kodi. Jibu la Umar lilikuwa fupi: Mwenyezi Mungu alimtuma Muhammad (s.a.w.) awe mlinganiaji, hakumtuma awe mtahirishaji. Baadaye al-Jarrah aliondolewa. Tuzingatie kwamba aliyeandika barua hiyo ndiye aliyebeba dhima ya Hazina ya dola nzima, iliyoenea kutoka Andalusi hadi mipaka ya Sindh.

Hata hivyo hakuwa mtu wa pupa. Mwanawe Abdul-Malik, kijana mwenye ari kubwa, alimuuliza kwa nini hatekelezi haki yote mara moja, hata kama wao wawili wangechemshwa vyunguni kwa ajili yake. Umar alimwambia asifanye haraka, kwani Mwenyezi Mungu aliikemea pombe mara mbili katika Qurani na akaiharamisha mara ya tatu. Naye aliogopa kwamba akiwabebesha watu haki yote kwa mkupuo mmoja, wataitupa yote kwa mkupuo mmoja. Kwangu mimi hapa ndipo ulipo undani wa tabia yake: ukali usiolegea katika lengo, na subira katika njia. Kijana huyo alitangulia kufariki mbele ya baba yake.

Umar alifariki Februari 720 huko Dayr Sim'an, akiwa hajatimiza miaka 40, baada ya kutawala kwa muda usiofika miaka miwili na nusu, na zipo riwaya kwamba alitiliwa sumu. Aliyemrithi, Yazid bin Abdul-Malik, ndugu wa Sulayman, aliyatengua mengi. Mwaka 728 liwali mwingine wa Khurasan, Ashras bin Abdullah, aliwaahidi watu wa mji wa Samarkand kwamba atakayesilimu hatalipa jizya, na akamchagua Abu al-Sayda yuleyule awe mlinganiaji wao. Walipoingia katika dini kwa wingi Ashras aliivunja ahadi na kuwatoza upya, wakaasi; na Abu al-Sayda, aliyesimama upande wao, alikamatwa na kutiwa kifungoni.