Mwizi kakamatwa leo, kesho yuko mtaani: swali la Kidato cha Tatu

Mwishoni mwa Januari, Wiki ya Sheria inapoanza hapa Tanzania, mimi na mawakili wenzangu hugawana shule za sekondari za kutembelea. Zamani nilianza kwa kuchora ngazi ubaoni: Mahakama ya Mwanzo chini, kisha ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi, halafu Mahakama Kuu, na juu kabisa Mahakama ya Rufani iliyoanzishwa mwaka 1979. Wanafunzi walinakili vizuri. Halafu mmoja ananyoosha mkono: "Kwa nini mwizi anakamatwa leo, kesho tunamwona mtaani?"

Siku hizi naanza na swali hilo. Tunaigiza kesi: shilingi elfu ishirini zimeibwa bwenini, na shahidi anasema alimwona mshtakiwa akitoka usiku. Kabla ya ushahidi nauliza nani anamtia hatiani. Mikono inajaa darasa zima.

Ndipo ninapomruhusu "wakili" wao amhoji shahidi. Taa ilikuwa inawaka? Ulisimama umbali gani? Ulimtazama kwa muda gani? Mlikuwa mnafahamiana? Maswali hayo sikuyatunga mimi. Mahakama ya Rufani iliyaweka wazi mwaka 1980 ilipoonya juu ya ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho. Shahidi anakiri umeme ulikuwa umekatika. Napigisha kura tena, mikono inabaki michache. Ukimya unaofuata naupenda kuliko makofi.

Hapo dhamana, yaani mshtakiwa kuachiwa huku kesi ikiendelea, inaeleweka haraka. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Aliyedhaminiwa hajasamehewa: kesi ipo, wadhamini wapo, na tarehe ya kurudi ipo. Makosa kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha hayana dhamana. Rufaa, yaani kuomba mahakama ya juu ipitie uamuzi wa ya chini, naigusa kidogo tu: asiyeridhika na Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 kwenda ya Wilaya. Wengi huhisi rufaa ni kesi kuanza upya, na hilo nalisahihisha kila mara.

Walimu, msingoje Wiki ya Sheria. Kesi nyingi husikilizwa hadharani, na Mahakama ya Mwanzo huendeshwa kwa Kiswahili, kwa hiyo watoto hawatapitwa na neno. Mwandikieni barua hakimu mfawidhi, yaani msimamizi wa mahakama hiyo, mpange siku, mwende na wanafunzi wachache, wakae viti vya nyuma, simu zimezimwa.