Je, Wajua Jinsi Maji Mafu Yalivyowanasa Askari wa Marekani Huko Tarawa?

Kila inapofika tarehe 20 Novemba, watu wa Marekani na wa Kiribati, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki ilimo Tarawa, hukumbuka mapigano ya Tarawa kati ya Wamarekani na Wajapani katika Vita vya Pili vya Dunia, yaliyoanza asubuhi ya siku hiyo mwaka 1943 na kumalizika baada ya saa 76. Katika muda huo mfupi, kwenye kisiwa cha Betio ambacho urefu wake hauzidi kilomita nne na ambacho mtu angeweza kukivuka upana wake kwa miguu kwa dakika kumi, walikufa watu zaidi ya 5,500. Wamarekani walikuwa zaidi ya 1,000. Wengine waliokufa walikuwa Wajapani pamoja na Wakorea waliopelekwa huko kufanya kazi za ujenzi. Swali linaloulizwa tangu wakati huo ni kwa nini jeshi lililokuwa na manowari, ndege na watu wengi kuliko adui lilipoteza askari wengi kiasi hicho kwa ajili ya kipande cha ardhi kisichofikia kilomita mbili za mraba. Jibu linalotolewa mara nyingi huhusu ngome za Wajapani, nalo ni la kweli. Lakini liko jibu jingine, ambalo mvuvi wa Lamu au wa Kilwa angelielewa upesi kuliko jenerali, nalo limo katika tarehe yenyewe: siku ile ilikuwa siku ya maji mafu, yaani siku ambayo bahari haijai sana wala haipwi sana.

Betio ni kisiwa cha pembeni, kusini-magharibi mwa Tarawa, ambayo kwa kweli ni msururu wa visiwa vya matumbawe vilivyoizunguka bahari ya ndani. Eneo hilo lilikuwa sehemu ya koloni la Uingereza la Visiwa vya Gilbert na Ellice hadi Wajapani walipoanza kuliteka mnamo Desemba 1941. Wajapani waliwahamishia wenyeji wa Betio visiwa vya jirani, wakajenga uwanja wa ndege katikati ya kisiwa, kisha wakauzungushia mizinga na mahandaki yaliyoezekwa kwa saruji, magogo ya minazi na mchanga mwingi juu yake. Pwani nzima ilizungushiwa ukuta wa magogo ya minazi. Marekani iliutaka uwanja huo kwa sababu ulikuwa njiani kuelekea Visiwa vya Marshall, ambavyo vilikuwa vimepangwa kushambuliwa mwanzoni mwa mwaka 1944. Walinzi wa kisiwa, ukiwahesabu pia vibarua, walikuwa takriban 4,800 chini ya Admirali Keiji Shibazaki, na waliotumwa kukiteka walikuwa Divisheni ya 2 ya Marines, kikosi ambacho kazi yake ni kushambulia nchi kavu kikitokea baharini, kikiwa na watu wapatao 18,000 chini ya Meja Jenerali Julian Smith.

(Uko uvumi mmoja kuhusu ngome hizo ambao bado unasikika, kwamba mizinga minne mikubwa ya Kiingereza iliyokuwa ikilinda kisiwa ilitekwa na Wajapani huko Singapore. Namba zilizochongwa kwenye mizinga hiyo zilipochunguzwa katika miaka ya 1970, ilibainika kwamba kampuni ya Vickers iliwauzia Wajapani kihalali zamani za vita vyao na Urusi, takriban miaka 40 kabla ya mapigano. Sehemu za mizinga hiyo zipo Betio hadi leo, zikiliwa na kutu.)

Upande wa kaskazini wa Betio, ambao Wamarekani waliuchagua kwa sababu ulinzi wake ulikuwa hafifu kuliko wa kusini, umezungukwa na mwamba wa matumbawe unaoenea mamia ya mita kutoka ufukweni. Ili askari wafike pwani, mashua zao zililazimika kupita juu ya mwamba huo. Mashua za kuteremshia askari zilizotumika wakati huo zilihitaji maji ya kina cha takriban mita 1.2 zikiwa zimebeba mzigo. Makadirio ya wapangaji yalikuwa kwamba maji yangejaa saa tano na robo asubuhi, na kwamba kina juu ya mwamba kingefika mita 1.5. Yaani nafasi iliyobaki kati ya tumbo la mashua na matumbawe, hata kama kila kitu kingekwenda sawasawa, ilikuwa ya sentimita 30 tu.

Mtu mmoja aliwaonya. Meja Frank Holland alikuwa ameishi visiwani humo kwa takriban miaka 15 wakati wa utawala wa Waingereza, na aliposikia tarehe iliyochaguliwa alistuka, akasema kwamba siku hiyo maji juu ya mwamba yasingefika hata mita moja. Wenzake waliowahi kupita huko kwa meli walikuwa na maoni tofauti, na wapangaji wakawasikiliza wengi. Hata hivyo si haki kusema kwamba walipuuza hatari yote. Jenerali Smith aliwatahadharisha askari wake kwamba huenda wakalazimika kutembea majini, na jenerali mwingine mwenye jina hilohilo, Holland Smith, aligombana na wakuu wa jeshi la majini hadi akapewa magari zaidi yenye minyororo, yanayoelea baharini na kupanda juu ya matumbawe. Msimamo wake ulikuwa kwamba bila magari hayo hakuna shambulio. Yalipatikana 125, ambayo yalitosha kubeba makundi matatu ya mwanzo ya askari tu. Waliofuata wote walipaswa kutegemea mashua, na mashua zilitegemea bahari.

Makundi ya mwanzo yalifika pwani baada ya saa tatu asubuhi, yakiwa na hasara lakini yakiwa yamefika. Mashua zilizofuata ziligonga mwamba zikakwama hapohapo. Askari walishuka wakiwa na bunduki na mizigo mgongoni, wakaanza kutembea kuelekea ufukweni kwa umbali wa takriban mita 500, maji yakiwafika mara magotini, mara kifuani, mara shingoni pale matumbawe yalipokuwa na shimo. Mbele yao zilikuwepo bunduki za rashasha zilizopangwa ili risasi zipishane juu ya maji yale. Mahali pa pekee pa kujificha palikuwa chini ya gati refu la mbao lililotoka kisiwani hadi ukingo wa mwamba, na wengi waliosalimika walitambaa kati ya nguzo zake. Kati ya askari wapatao 5,000 walioshuka siku hiyo ya kwanza, 1,500 hivi walikuwa wameuawa au kujeruhiwa ifikapo usiku. Redio nyingi zililowa maji zikafa, kwa hiyo makamanda waliokuwa melini walikaa saa nyingi bila kujua kama watu wao wameshika ufukwe au wamesukumwa baharini.

Sasa, bahari ilikuwa na nini siku ile? Mwezi na jua vyote huvuta maji ya bahari, ingawa mvuto wa mwezi ndio mkubwa zaidi. Mwezi unapokuwa mwandamo, na tena unapokuwa mpevu, jua, mwezi na dunia hukaa karibu katika mstari mmoja, mivuto miwili huungana, na bahari hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua, ambayo huko Unguja na Mombasa hufanya tofauti ya maji ipite mita tatu. Mwezi ukiwa nusu, jua huvuta upande mmoja na mwezi upande mwingine, kila kimoja kikipunguza kazi ya mwenzake, na maji hufa: hayajai sana wala hayatoki sana. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 12 Novemba 1943. Tarehe 20 ulikuwa umefika robo ya mwisho, nusu kamili.

Hilo wapangaji walilijua, maana kalenda ya mwezi haikuwa siri. Walichokosa kukitia katika hesabu ni umbali. Njia ya mwezi kuizunguka dunia si duara kamili, hivyo kila mwezi kuna siku unapokaribia hadi takriban kilomita 363,000 na siku unaposogea hadi zaidi ya kilomita 405,000. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini nguvu ya mwezi ya kuinua bahari hupungua haraka sana kadiri umbali unavyoongezeka, kiasi kwamba ukiwa mbali kabisa hupoteza zaidi ya robo ya nguvu uliyonayo ukiwa karibu. Mwaka 1987, Donald Olson, profesa wa fizikia kutoka Texas, alizifanya upya hesabu za mwezi za juma lile, akaonyesha kwamba mwezi haukuwa nusu tu bali pia ulikuwa karibu na mahali pake pa mbali kabisa na dunia. Maji mafu yakaangukia juu ya mwezi dhaifu. Tofauti kati ya maji kujaa na kupwa ilikuwa takriban sentimita 60 tu, na hali hiyo ilidumu kwa karibu siku mbili. Ndiyo sababu askari waliokuwa wakingoja kwenye mashua saa baada ya saa, wakitumaini kwamba maji yangepanda, waliona bahari imesimama palepale. Ilipofika mchana wa siku ya pili ndipo maji yalipoanza kupanda vya kutosha na mashua zikaanza kuvuka.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hawakungoja wiki moja zaidi, mwezi uandame na bamvua ije. Meli nyingi zilikuwa zimekwisha kung'oa nanga kutoka bandari zilizo mbalimbali, na safari ya Visiwa vya Marshall ilikuwa imepangwa nyuma yake; kuahirisha moja kungevuruga nyingine. Kwa maoni yangu sababu hiyo ina uzito, lakini haielezi kwa nini mtu aliyeishi na bahari ile miaka 15 alipimwa sawa na mabaharia wapita njia.

Tarehe 23 Novemba mapigano yalikwisha. Kati ya walinzi wote walitekwa hai askari wa Kijapani 17 na Wakorea 129. Huko Marekani habari hizo zilileta simanzi na hasira, na Admirali Chester Nimitz, mkuu wa jeshi la majini katika Pasifiki, alipata barua za akina mama waliomlaumu kwa vifo vya watoto wao. Majeshi nayo yalibadilika: vikosi vya wapiga mbizi viliundwa ili kupima kina cha maji na kulipua vizuizi kabla ya askari kushuka, magari ya minyororo yakaongezwa na kuvishwa deraya, na meli maalumu za mawasiliano zikaandaliwa.

Kazi ya kuwazika wafu ilifanywa haraka, katika joto la ikweta, mara nyingi palepale walipoangukia. Baadaye wajenzi waliopanua uwanja wa ndege walihamisha misalaba bila kuhamisha miili, kwa hiyo kikosi kilichokuja mwaka 1946 kukusanya maiti kilichimba penye misalaba na kukuta mchanga mtupu. Takriban nusu ya waliotarajiwa hawakuonekana. Leo Betio ni mojawapo ya mahali penye msongamano mkubwa wa watu katika Pasifiki, na makaburi yaliyopotea yamo chini ya nyumba, maegesho na mabanda ya nguruwe. Mwaka 2015 shirika la History Flight lilifukua kaburi moja la pamoja lililokuwa na mabaki ya askari zaidi ya 30, akiwemo Luteni Alexander Bonnyman, mmoja wa wanne waliotunukiwa Nishani ya Heshima kwa mapigano hayo, ambaye alitambuliwa mapema kwa sababu ya meno yake yaliyozibwa kwa dhahabu. Mwaka 2023 mabaki ya kibarua mmoja wa Kikorea, yaliyokuwa yametambuliwa kwa vipimo vya vinasaba, yalirudishwa kwa familia yake huko Korea Kusini, miaka 80 baada ya kufa kwake. Walioletwa pamoja naye walikuwa takriban 1,200, na wengi wao bado wamo mchangani bila majina.